Réunion: Kisiwa cha volkano ambako mapito ya watoro yamekuwa njia za watalii

KATIKA Bahari Hindi, takriban kilomita 700 mashariki mwa Madagascar, kuna kisiwa ambako mamia ya watu hawajawahi kuona gari likisimama mlangoni pao.

Ufukara sio sababu. Kisiwa chenyewe ni mkoa wa Ufaransa tangu mwaka 1946, na barabara zake za pwani ni za lami na hufurika magari asubuhi na jioni. Watu hao wanaishi ndani ya bonde ambalo halina barabara hata moja, na anayetaka kuwatembelea hana budi kwenda kwa miguu au kupanda helikopta.

Kisiwa hicho ni Réunion, na bonde lenyewe linaitwa Mafate. Wapenzi wa kutembea milimani kutoka Ulaya na kwingineko huvuka bahari ili kukanyaga njia zake, kulala katika nyumba za wageni za wenyeji na kutazama majabali yake.

Wengi huondoka wakiyasifu mandhari tu. Ni wachache wanaouliza ni nani waliotangulia kupita huko na walikuwa wakikimbia nini. Jawabu la swali hilo linaugusa pia mwambao wa Afrika Mashariki.

Milima miwili na mabonde matatu

Réunion ina ukubwa wa kilomita 2,512 mraba, eneo ambalo halipishani sana na lile la Kaunti ya Kiambu, na wakazi karibu 900,000. Aghalabu wakazi hao wanaishi pwani, kwa kuwa sehemu ya kati ya kisiwa ni milima na magenge matupu.

Kisiwa kizima ni kilele cha mlima wa volkano ulioinuka kutoka sakafu ya bahari. Juu yake kuna volkano mbili. Ya kwanza ni Piton des Neiges, yenye urefu wa mita 3,070, ambayo imelala kwa maelfu ya miaka na ndiyo mlima mrefu kuliko yote katika visiwa vya Bahari Hindi. Ya pili ni Piton de la Fournaise, yenye urefu wa mita 2,632, ambayo ingali hai na imerekodiwa kulipuka zaidi ya mara 150 tangu karne ya 17.

Volkano ile kongwe ilipopoa, mbavu zake zilianza kuporomoka. Mvua nayo ikaendelea kuzichimba kwa maelfu na maelfu ya miaka, hadi yakatokea mabonde matatu makubwa ya duara: Mafate, Salazie na Cilaos. Mabonde hayo yamekaa mfano wa mafiga matatu, na kilele cha Piton des Neiges kipo katikati yake. Kuta zinazoyatenganisha zinasimama wima, na baadhi zina kimo cha mita 1,000 au zaidi.

Mvua ya kisiwa hicho si ya mchezo. Mnamo Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 kwa muda wa saa 24. Mnamo Februari 2007, wakati wa kimbunga Gamede, kasoko ya Commerson ilipokea milimita 3,929 kwa siku tatu pekee. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko mvua ambayo jiji la Nairobi hupata kwa miaka mitatu.

Ardhi ya namna hiyo ni adui wa barabara. Njia ya gari kuingia Cilaos ilikamilika mwaka 1932 na inasifika kwa kona zake zipatazo 400. Kabla ya hapo, wagonjwa na matajiri waliotaka kuoga katika chemchemi za maji moto za Cilaos walibebwa kwa viti mabegani mwa wapagazi, ambao walipita kwenye vijia vyembamba pembezoni mwa magenge. Katika Mafate barabara haikufika kabisa.

Waliokimbilia milimani

Réunion haikuwa na wenyeji wa asili. Mnamo 1663 walitua huko Wafaransa wawili pamoja na Wamalagasi 10, watatu kati yao wakiwa wanawake. Haukupita muda ugomvi ukazuka na Wamalagasi wakakimbilia milimani. Kwa hivyo, historia ya watu kuishi kisiwani humo ilianza sambamba na historia ya kutoroka.

Katika karne ya 18 kisiwa hicho, wakati huo kikiitwa Bourbon, kiligeuzwa shamba kubwa la kahawa. Kahawa ilihitaji mikono, na mikono hiyo ilitafutwa Madagascar na Afrika Mashariki. Mnamo Septemba 14, 1776, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa, yaani Mauritius ya leo na Bourbon. Wengine walisafirishwa kutoka Msumbiji.

Hadi leo, wakazi wa Réunion wenye asili ya Afrika huitwa Kaf katika Krioli ya kisiwa hicho. Chimbuko la jina hilo ni neno la Kiarabu ambalo pia liliipa lugha ya Kiswahili neno "kafiri".

Waliochoshwa na mijeledi walipanda milimani. Waswahili wana neno lao la kale kwa watu kama hao: watoro. Ndilo jina walilopewa watumwa waliohama mashamba ya Malindi na Mombasa katika karne ya 19 na kujenga makao yao wenyewe, kama vile Fuladoyo. Watoro wa Bourbon walijificha ndani ya yale mabonde matatu na katika nyanda za juu zenye baridi kali, mahali ambapo farasi wa bwana hawakuweza kufika.

Sheria ya watumwa iliyotolewa mwaka 1723 inaonyesha jinsi mabwana walivyoiogopa miguu ya watu hao. Mtumwa aliyetoroka kwa mwezi mmoja alikatwa masikio na kuchomwa chapa begani. Akirudia kosa, alikatwa mshipa wa nyuma ya goti ili asiweze tena kutembea sawasawa. Mara ya tatu adhabu ilikuwa kifo.

Fauka ya hayo, walowezi waliunda vikosi vya kuwasaka watoro na kuwalipa wawindaji. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni François Mussard. Inaelezwa kwamba mwaka 1751 yeye na kikosi chake walimuua kiongozi wa watoro ambaye jina lake ndilo linaloitwa bonde la Mafate.

Kwa muda mrefu habari za watoro zilijulikana kupitia kumbukumbu za waliowawinda tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wataalamu wa akiolojia walichimba makao yaliyofichika katika eneo la Cilaos, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Walipata mabaki ya vibanda vya mawe pamoja na mifupa ya ndege walioliwa na waliojificha hapo.

Ramani ya majina yao

Mtalii anayefungua ramani ya Réunion anasoma orodha ya watoro bila kujua. Majina ya pwani ni ya watakatifu wa Kikatoliki: Saint-Denis, Saint-Paul, Saint-Pierre, Saint-Joseph. Kadiri mtu anavyopanda, watakatifu wanapungua na lugha ya Kimalagasi inajitokeza.

Mafate huelezwa kuwa limetokana na neno lenye maana ya "kinachoua". Cilaos hufasiriwa kuwa mahali ambapo mtu hapaachi. Cimendef, kilele kinachoitazama Mafate, huaminika kumaanisha mtu asiye mtumwa. Katika bonde la Salazie kuna mlima wa Anchaing, ambao masimulizi ya kale yanasema ulikuwa maficho ya mtoro wa jina hilo na mkewe Héva, na kwamba kutoka juu yake Anchaing aliweza kumwona kila aliyekaribia.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani humo Desemba 20, 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Siku hiyo ni sikukuu rasmi ya Réunion kila mwaka. Wengi wa walioachiliwa hawakuwa na ardhi. Baadhi yao, pamoja na Wazungu maskini waliopoteza mashamba, waliingia katika mabonde ya ndani na kulima popote palipokuwa na kipande cha tambarare. Vijiji vya leo vya Mafate, kama La Nouvelle, Marla, Roche-Plate na Aurère, vimekaa juu ya vipande hivyo.

Alama nyeupe na nyekundu

Vijia hivyo vya kutorokea, kulima na kubebea mizigo ndivyo vilivyokuwa msingi wa mtandao wa njia za leo, ambao una urefu wa mamia ya kilomita. Nyingi zinatunzwa na Ofisi ya Misitu ya Taifa ya Ufaransa. Mafundi wake hujenga ngazi za mawe na magogo, hufunga kamba za chuma kwenye magenge na huondoa udongo ulioporomoka.

Njia ndefu ni tatu, na zote huonyeshwa kwa mistari miwili ya rangi, nyeupe na nyekundu, iliyopakwa kwenye miamba na miti. Ya kwanza, R1, huuzunguka mlima Piton des Neiges kwa takriban kilomita 60 na kupita katika mabonde yote matatu. Ya pili, R2, hukikata kisiwa kutoka Saint-Denis kaskazini hadi Saint-Philippe kusini, mwendo wa kilomita 130 hivi. Ya tatu, R3, huzunguka ndani ya Mafate kwa karibu kilomita 40.

Tarakimu hizo zisimhadae msomaji. Kilomita 10 ndani ya Mafate zaweza kula siku nzima, maana njia hushuka mita mia kadhaa hadi mtoni, kisha ikapanda mita zizo hizo upande wa pili. Ndiyo maana wenyeji huhesabu safari kwa saa badala ya kilomita.

Wanaotaka kuona jua likichomoza juu ya Piton des Neiges hulala kwenye nyumba ya wageni ya Dufour, kimo cha karibu mita 2,480, kisha huamka usiku wa manane na kupanda kwa mwanga wa tochi. Ingawa kisiwa kiko katika ukanda wa joto, baridi ya huko hufikia kiwango cha maji kuganda.

Zaidi ya watalii wa kawaida, kuna wanariadha. Tangu mwaka 1989 hufanyika kila Oktoba mbio ambazo huanzia upande mmoja wa kisiwa na kuishia upande wa pili. Washiriki hukimbia zaidi ya kilomita 160 na jumla ya kupanda kwao hukaribia mita 10,000. Mabingwa humaliza kwa takriban siku moja, ilhali wengine hutembea usiku na mchana kwa karibu siku tatu. Jina la utani la mbio hizo ni "ulalo wa wendawazimu".

Mlima unaofunga mlango wake

Upande wa Piton de la Fournaise ni ulimwengu mwingine. Msafiri huvuka uwanda wa changarawe nyekundu na kahawia usio na mti, hufika ukingoni mahali paitwapo Pas de Bellecombe, kisha hushuka kwa ngazi hadi katika uwanja mpana wa lava iliyoganda. Hapo hakuna kijia kinachoonekana. Madoa ya rangi nyeupe yaliyopakwa juu ya mawe ndiyo huongoza, na ukungu unapotanda ndiyo tegemeo pekee la mtu.

Mwaka 1977 lava ilishuka hadi kijiji cha Piton-Sainte-Rose, ikalizingira kanisa na kusimama mlangoni. Kanisa hilo lingalipo. Baada ya tukio hilo ilijengwa taasisi ya uchunguzi wa volkano, ambayo ilianza kazi mwishoni mwa 1979 na ambayo husoma mitetemeko na uvimbe wa mlima kila saa.

Vyombo vikionyesha kwamba lava inapanda, serikali ya mkoa hutangaza tahadhari, walio ndani huondolewa na lango la ngazi hufungwa. Mnamo Aprili 2007 umuhimu wa utaratibu huo ulidhihirika. Lava nyingi mno ilitoka ubavuni mwa mlima, ikaikata barabara kuu ya mashariki na kumwagika baharini. Kule juu, sakafu ya kasoko ya Dolomieu ilididimia zaidi ya mita 300. Kijia kilichokuwa kikiizunguka kasoko hiyo kilikuwa juu ya kingo ambazo hazikuaminika tena, na sasa watembeaji huelekezwa mahali pamoja palipotengwa pa kutazamia.

Nani anafaidi, nani anagharamika?

Mwaka 2007 Ufaransa iliifanya sehemu ya kati ya kisiwa kuwa mbuga ya taifa, na mwaka 2010 shirika la Unesco likaitangaza kuwa urithi wa dunia. Hadhi hiyo inahusu zaidi ya asilimia 40 ya kisiwa chote.

Kwa wakazi wa Mafate, ambao hawafiki 1,000, hadhi hiyo ina pande mbili. Kwa upande mmoja, watalii ndio mkate wao. Bila wageni wa kulala, kula na kununua vinywaji, vijana wangekuwa na sababu chache za kubaki bondeni. Kwa upande mwingine, ardhi waliyolimwa na babu zao si yao kisheria. Ni ardhi ya umma iliyo chini ya usimamizi wa Ofisi ya Misitu, na wao ni wapangaji. Anayetaka kupanua nyumba au kufungua biashara lazima aombe kibali.

Maisha bila barabara yana gharama. Zamani kila gunia la mchele lilipanda kichwani au mgongoni mwa mtu. Mpeleka barua Ivrin Pausé alizunguka vijiji vya Mafate kwa miguu kwa takriban miaka 40, hadi alipostaafu mwaka 1991, na wenyeji wakamfanya shujaa. Siku hizi saruji, mitungi ya gesi na vyakula huletwa na helikopta, na umeme hutoka kwa paneli za sola. Kila kilo inayoletwa na ndege hulipiwa, na ndiyo sababu soda ndani ya Mafate ni ghali kuliko pwani.

Watoto wana shule za msingi bondeni. Wakihitimu hulazimika kwenda kusomea nje, mbali na wazazi. Mgonjwa mahututi husubiri helikopta, nayo helikopta husubiri ukungu uondoke.

Je, si ingekuwa bora barabara ikachongwa? Wapo wanaosema ndiyo, hasa kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Wengine hujibu kwamba barabara ingeleta magari, magari yalete wenye mabavu ya pesa, na mwishowe wapangaji wangeondolewa bila hata kusukumwa. Isitoshe, hakuna mwenye hakika kwamba lami ingedumu juu ya ardhi inayoporomoka. Mnamo Novemba 1875 ubavu wa mlima ulianguka katika bonde la Salazie na kufunika kijiji cha Grand-Sable, watu zaidi ya 60 wakaangamia.

Vimbunga hukumbusha jambo hilo mara kwa mara. Kimbunga Garance kilipopiga kisiwa hicho Februari 28, 2025, kiliua watu na kuharibu mapito mengi ya milimani, hivi kwamba yalifungwa hadi yakaguliwe na kukarabatiwa. Kwa mtalii, kufungwa kwa njia ni safari iliyoahirishwa. Kwa mkazi wa Mafate ni sawa na kufungwa kwa barabara kuu, duka na soko kwa siku moja.

Tahadhari kwa msafiri

Anayepanga kwenda huko hana budi kuzingatia mambo machache. Miezi ya Mei hadi Novemba ndiyo yenye ukavu zaidi. Safari ianze alfajiri, kwa sababu mawingu hupanda kutoka baharini na kufunika vilele kabla ya adhuhuri. Viatu viwe na soli inayoshika mwamba, na shanta iwe na koti la mvua, sweta, tochi na maji ya kutosha.

Taarifa za njia zilizofungwa zisomwe kila siku kabla ya kuondoka. Mto uliofurika usivukwe hata kama ng'ambo ni hatua 10 tu, kwani maji hushuka ghafla kutoka milimani ambako mvua inanyesha bila aliye chini kuiona. Nafasi katika nyumba za wageni ziwekwe mapema.

La mwisho linahusu mwenendo. Mafate ni mahali pa watu. Vijia vinapita kandokando ya mashamba ya mahindi, mbele ya madirisha na mabanda ya kuku. Desturi ya huko ni kumsalimu kila unayepishana naye, kumpisha aliyebeba mzigo na kurudi na taka zako mwenyewe. Anayenunua chakula chake kwa wenyeji badala ya kubeba kila kitu kutoka pwani anasaidia kulipa ile helikopta, na pengine anampa kijana mmoja sababu ya kubaki nyumbani kwao.